Ndege Yupi, Ndege Ipi

Kila mwalimu aliyepata kufundisha Kiswahili kwa watu wazima anaujua mtego uliomo katika neno ndege. Mwanafunzi akisema "ndege anatua", tunaona mabawa yakikunjwa juu ya tawi. Akisema "ndege inatua", tunasikia mngurumo na kuliona vumbi la kiwanja. Jina ni lile lile, na ni silabi moja tu ya kitenzi inayotenga kiumbe na chombo. Kwa miaka mingi tuliufundisha mtego huu kama yanavyofundishwa mambo mengine ya upatanisho, kwa mifano mitano ubaoni na zoezi la kwenda nalo nyumbani, wala hatukudhani kwamba siku moja utatufuata nje ya darasa.

Darasa tunalolisema lilikuwa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, kwenye ukingo wa magharibi wa Mto Nile. Nchi hiyo ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na mwaka 2016 ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na tangu hapo watu wengi wamekuwa wakikitafuta Kiswahili kwa ajili ya kazi zao. Lakini msomaji asidhani kwamba lugha ilingoja mikataba. Ilikwisha kufika pamoja na malori ya Mombasa yapitayo Malaba, Kampala na Gulu hadi kuvuka mpaka wa Nimule. Tena ilirudi vinywani mwa watu waliokulia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nchini Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1992. Kwa hiyo darasa letu la jioni lilikuwa na makarani wa forodha, madereva, wauguzi wawili, na mama mmoja muuza chai ambaye kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara. Baina yao walisema Kiarabu cha Juba. Kwetu sisi walileta Kiswahili cha namna kwa namna, kingine cha mitaa ya Nairobi, kingine cha barabarani, na kazi yetu aghalabu ilikuwa kupanga kilichokwisha kuwapo kuliko kupanda kipya.

Jioni moja ya Agosti 2022 tulifundisha maneno ya umbali. Tulikuwa tumetundika ramani ya Afrika ya Mashariki, ambayo sentimita 1 yake ni kilomita 25 za ardhi, tukawauliza: "Kutoka Juba hadi Tanga kwa njia ya ndege ni umbali gani?" Tanga tuliichagua kwa kuwa ndiko kwetu. Karani mmoja wa forodha, kijana mpole asiyesema ovyo, akanyosha mkono. "Ndege yupi, Mwalimu, au ndege ipi?"

Darasa likacheka, nasi tukacheka, maana tulikuwa tumenaswa kwa mtego wetu wenyewe. Tukamjibu kwa haraka kwamba ni mamoja, ndege yeyote au ndege yoyote, maadamu safari ni ya moja kwa moja. Jibu hilo halikuwa sahihi, na ndilo lililotufanya tuandike kurasa hizi.

Tulichukua uzi mweupe wa kushonea. Mwanafunzi mmoja akaubana kwa kidole juu ya Juba, mwingine akaunyosha mpaka Tanga, kisha tukaupima kwa rula: sentimita 55. Mara 25 ni kilomita 1,375. Uzi ule ulipita karibu na Kitgum, ukagusa Mlima Elgon, ukashuka jirani na Kajiado, ukapita kidogo tu mashariki ya kilele cha Kilimanjaro, ndipo ukaingia Tanga. Ulikata mipaka mitatu bila kuulizwa hati. Dereva mmoja wa malori, ambaye alikuwa akisimama siku mbili Nimule akingoja mihuri, aliutazama uzi huo kwa husuda iliyo wazi.

Ili kuhakikisha, tulifanya na hesabu. Juba iko nyuzi 4 na dakika 51 kaskazini ya ikweta, na Tanga nyuzi 5 na dakika 4 kusini yake. Kwa hiyo kutoka kaskazini kwenda kusini zimetengana kwa nyuzi 9 na dakika 55. Kutoka magharibi kwenda mashariki tofauti yao ni nyuzi 7 na nusu, kutoka 31 na dakika 36 hadi 39 na dakika 6. Karibu na ikweta nyuzi za upande huu na za upande ule hulingana sana urefu, hivyo yatosha kanuni ya pembetatu mraba ambayo kila mtoto wa sekondari anaijua: jumlisha miraba ya pande mbili, tafuta kipeo, upate nyuzi 12 na sehemu 43 za mia. Kila uzi mmoja ni kilomita 111. Jibu ni kilomita 1,380. Uzi wa kushonea ulikuwa umepungukiwa na kilomita 5 tu, nasi tuliona fahari kana kwamba tuliusokota wenyewe.

Mwanafunzi akauliza kwa nini Waswahili wanazipima pembe kwa nyuzi, na kama ni nyuzi zile zile za cherehani. Tukawaambia wautazame ule uliokuwa ukining'inia ramanini, kisha waitazame mistari iliyochorwa chini yake ikiizunguka dunia, waone kama jina halikukaa mahali pake. Tulieleza kwamba dunia ina mzingo wa kilomita 40,000, na kwamba ukizigawanya kwa 360 ndipo unapopata zile 111. Nambari 40,000 haikuja kwa bahati. Wafaransa walipoiunda mita katika miaka ya 1790 walikusudia iwe sehemu moja ya milioni 10 ya masafa yaliyo baina ya ncha ya kaskazini na ikweta. Na kabla yao, miaka 2,200 hivi iliyopita, Eratosthenes alikuwa amekwisha kuupima mzingo huo kwa kutumia miji miwili ya Misri, Aleksandria na Syene, ambayo sasa ni Aswan: aliona kwamba tofauti ya kivuli cha jua baina ya miji hiyo ni sehemu 1 ya 50 ya duara, akayazidisha masafa yake kwa 50. Wanafunzi hawakustaajabu sana na hesabu hiyo. Walichokipenda ni kusikia kwamba maji yapitayo Juba ndiyo yapitayo Aswan.

Usiku ule tulimpigia simu mama yetu, Tanga. Alikuwa mtu wa kuuliza umbali kwa namna ya wazee wa pwani, "Ni mbali kama wapi?", na kwa miaka miwili tangu twende Juba hatukuwa na jibu la kumridhisha. Kilomita hazikumwambia kitu. Safari aliyoijua yeye ni ya Pemba, aliyoivuka kwa jahazi alipokuwa msichana. Sasa tulikuwa na uzi. Kutoka Tanga hadi Wete ni kilomita 70 hivi. Basi tukamwambia kwa furaha kwamba Juba ni Pemba ishirini. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Pemba ishirini za kusi au za kaskazi?"

Tulicheka, tukamwaga, tukamwahidi kwamba Desemba tutakuja. Lakini swali lake lilikuwa swali la karani wa forodha, limevaa mavazi mengine. Manahodha wa pwani hawakuyahesabu masafa pasipo upepo. Pemba ya upepo mwema si Pemba ya upepo wa mbisho, na aliyekaa baharini siku mbili akitafuta mlango wa bandari hawezi kuambiwa kwamba amekwenda mwendo sawa na aliyevuka kwa nusu siku. Hata neno rubani, ambalo leo twamwita nalo mtu anayeendesha ndege, lilikuwa la yule anayekiongoza chombo baharini. Anga ililiazima kutoka maji. Yamkini ilikuwa vema tuazime na tahadhari iliyokuja pamoja nalo.

Siku ya nne baada ya somo lile, saa kumi na moja u nusu alfajiri, simu ililia. Alikuwa kaka yetu mkubwa.

"Mdogo wangu, jikaze. Mama ametutoka."

Alikufa usingizini, baada ya usiku wa kulalamikia kifua. Kaka alisema kwamba jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza, na sisi huku dirishani tuliona weupe wa alfajiri tu. Kisha akauliza lile alilopaswa kuuliza, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa na watu walikuwa wameanza kujaa barazani wakingoja neno lake. "Masheikh wanataka maziko baada ya adhuhuri. Uko mbali kiasi gani? Tukungoje, au tuzike?"

Waislamu wa pwani wanajua uzito wa swali hili. Maiti haikawizwi. Lakini mtoto akiwa njiani, na akiwa hayuko mbali, watu huweza kuvuta hadi alasiri, na kwa shida hata magharibi. Kila kitu kilikuwa juu ya neno mbali. Tulilifundisha siku nne zilizopita, tukalipima kwa rula, na tulikuwa na jibu lake hadi kilomita ya mwisho. Ndege ya abiria huenda kilomita 800 kwa saa. Kilomita 1,380 ni saa moja na dakika 43. Kwa uzi wetu tungekuwa Tanga kabla ya chai ya asubuhi, tena tungepata nafasi ya kumwosha.

Tulimwomba Kaka atupe nusu saa. Tukamwamsha jirani anayejua mambo ya safari, naye akapiga simu huku na huku. Hakuna ndege iendayo Tanga kutoka Juba. Ilikuwapo ya Nairobi ya asubuhi, nayo imejaa. Ilikuwapo ya saa kumi alasiri, ina viti. Baada ya Nairobi tungelala huko au tungebahatika kupata ya usiku kwenda Mombasa, kisha barabara. Nauli ilikuwa karibu mshahara wa mwezi mzima, lakini siku ile hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu nyepesi kuliko zote.

Tukampigia Kaka. "Zikeni," tukamwambia. Hakutubembeleza, wala hatukuongeza neno. Huo ndio umbali wa Juba na Tanga ulivyokuwa tarehe ile: ulikuwa mkubwa kuliko subira ya maiti.

Saa kumi alasiri ndege yetu ilipaa. Tulikaa dirishani, na kwa kuwa akili ya mwalimu haijui kunyamaza hata penye msiba, tulianza kuutafuta uzi chini yetu. Kutoka Juba hadi Nairobi ni kilomita 900 kwa mstari ulionyoka, na Nairobi yenyewe haiko mbali na mstari wa Tanga. Anayepitia huko akaenda Mombasa kwa ndege, kilomita 440, kisha akashuka kwa barabara, hajapotea sana njia. Ukijumlisha vipande vyote hupati hata kilomita 150 zaidi ya uzi. Kwa hiyo si kweli kusema kwamba tulizungushwa. Tulikuwa tukienda karibu juu ya uzi wenyewe, na maziko yalikuwa yamekwisha.

Hapo tulimkumbuka karani na swali lake, na tukaona jinsi tulivyomjibu vibaya. Ndege, yule mwenye manyoya, haendi moja kwa moja. Korongo weupe wanaotoka Ulaya kuja kwetu wakati wa baridi ya huko hawavuki Bahari ya Mediterania katikati. Hupita Bosporus na kuizunguka bahari kwa upande wa mashariki, wakashuka Sinai na bonde la Nile, kwa sababu mabawa yao hutegemea hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya maji mengi hewa hiyo haipo. Ndege, hiyo yenye injini, nayo haiendi moja kwa moja. Hufuata njia zilizopangwa angani, hukwepa dhoruba na anga za vita, na juu ya yote huenda pale tu ambapo mtu ameona faida ya kuipeleka. Mwaka 1931, kampuni ya Imperial Airways ilipofungua njia yake kutoka Uingereza hadi Mwanza, Juba ilikuwa miongoni mwa vituo, na baina ya Khartoum na Ziwa Victoria zilitumika ndege za kutua majini. Njia ya angani ililazimika kufuata mto na ziwa kama mtumbwi. Na vita vilipozuka Khartoum mwezi wa Aprili 2023, ndege za abiria ziliacha kutua huko. Uzi wa Juba na Khartoum ulibaki na kilomita zake 1,200, lakini mtu aliyekuwa na mgonjwa upande wa pili hakuwa na la kufanya nao. Anayeutumia ule mstari ulionyoka hasa, tukitafakari, ni nani? Si kiumbe wala si chombo. Ni rula.

Hatusemi haya kwa kuidharau rula. Asiyejua kwamba Tanga iko kilomita 1,380 hawezi kujua ni kiasi gani cha safari yake kiliibwa na kungoja. Lakini twaendelea.

Saa nayo ilikuwa na mchezo wake. Tulikuwa angani saa moja na dakika 45, tukashuka Nairobi, na saa ya ukutani ikatuambia kwamba ni saa moja kasorobo jioni, yaani saa tatu kasorobo dakika 15 ... tukasita, tukahesabu tena kwa vidole: tangu saa kumi hadi saa moja kasorobo ni saa mbili na dakika 45. Saa nzima ilikuwa imetoweka. Tulikuwa tumesahau kwamba tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, ikaachana na saa za Nairobi na Dar es Salaam. Mtu akiipima safari hiyo kwa saa za ukutani peke yake atadhani kwamba Juba iko mbali sana na Nairobi wakati wa kwenda, na kwamba iko jirani wakati wa kurudi, maana ndege itokayo Nairobi saa tatu asubuhi hufika Juba saa nne kasorobo. Jua lenyewe haliambatani na serikali yoyote. Kila uzi mmoja wa kwenda mashariki ni dakika 4 za jua, na nyuzi 7 na nusu ni nusu saa; kwa hiyo jua la utosini huifikia Tanga nusu saa kabla ya Juba, si saa nzima. Wazee waliohesabu saa kwa macheo na machweo wangetucheka.

Ndege ya Mombasa ya usiku ule ilikuwa imejaa. Tulilala kwenye benchi, mkoba chini ya kichwa. Tulipoisali isha tuliikusuru, kama inavyomjuzia msafiri, na hapo tukakumbuka somo la masafa tulilofundishwa chuoni, Tanga, kabla hatujajua kilomita ni nini. Mwalimu wetu alisema msafiri hakusuru mpaka safari yake iwe marhala mbili, yaani mwendo wa siku mbili wa mnyama aliyebeba mzigo. Mwanafunzi mmoja mtundu akamwuliza: je, mtu akiyakata masafa hayo kwa saa moja? Naye alijibu kwamba ni msafiri vile vile. Wanazuoni walikwisha kulijibu swali hilo karne nyingi kabla ya ndege, na tulipokuwa watoto tuliliona kuwa ni swali la mzaha. Benchini Nairobi halikuwa la mzaha. Walitenga mambo mawili ambayo sisi tuliyachanganya mbele ya darasa: ardhi iliyo baina ya mtu na mahali, na muda unaomchukua kufika. La kwanza lina kipimo. La pili lina riziki.

Alfajiri tulipata kiti. Kilomita 440 za kwenda Mombasa tulizimaliza kwa muda usiozidi saa moja. Kisha tukafika kivuko cha Likoni, ambacho upana wake ni kama nusu kilomita, na hapo tulikaa karibu saa nzima: foleni ya magari, foleni ya watu, mbuzi mmoja aliyekataa kupanda pantoni. Kwa hiyo nusu kilomita ilikuwa na urefu sawa na kilomita 440. Tukashika barabara ya kusini, tukapita Lunga Lunga, tukagongewa mihuri, tukavuka Horohoro, na kilomita 65 za mwisho tukazimaliza kimya. Tuliingia Tanga saa saba mchana, siku moja kamili baada ya maziko. Tangu simu ya Kaka zilikuwa zimepita saa 30 na nusu. Kati ya hizo, tulikuwa angani saa mbili na dakika 45.

Kaka alitupeleka makaburini kabla hatujala. Udongo ulikuwa bado mbichi na mtu alikwisha kuchomeka tawi la mrehani. Hatukusema mengi. Wakati wa kurudi Kaka aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta tu la kusema, kama Juba ni mbali sana. Tulitaka kumwambia habari ya Pemba ishirini, tukashindwa. Tukasema ni mbali kiasi.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tena mbele ya darasa. Wanafunzi walisimama wote. Walikuwa wamejifunza namna ya kutoa pole, na mmoja mmoja wakaja kutushika mkono, madereva, wauguzi, na yule karani aliyekuwa na haya kwa ajili ya swali lake, kana kwamba lilikuwa limeleta nuhusi. Tukamwambia mbele ya wenzake kwamba swali lake lilikuwa sahihi na jibu letu lilikuwa na kosa, na tukaeleza kosa hilo kama tulivyolieleza hapa. Tuliwahesabia saa 30 na nusu, tukawahesabia na Likoni. Mambo ya makaburini hatukuyataja.

Mama muuza chai hakusema neno hadi wenzake walipomaliza kunakili. Kisha akatoka kitini, akauchukua uzi mezani, akaenda kwenye ramani. Huwa hapendi kuja mbele, kwa sababu husoma polepole. Alitafuta kwa kidole, akatuuliza kama pale ni Kapoeta, tukamwambia ndipo. Akauliza Lokichoggio ya Kenya iko wapi, tukamwonyesha. Akaubana uzi, akaunyosha, akaomba rula. Sentimita 4 na ushei. Darasa zima likazidisha: kilomita 105 hivi.

"Tulikwenda usiku nne," akasema. "Mchana tulilala chini ya miti. Ilikuwa mwaka wa 1992. Mimi nilimbeba mdogo wangu."

Mtu mmoja akauliza kwa nini walikwenda usiku. Alimtazama kama anavyotazamwa mtoto.

"Kwa sababu ya ndege," akasema. "Mwalimu siku ile alisema ndege yupi, ndege ipi. Sisi tulikuwa tunauliza ndege ipi tu. Ziko zilizoleta mahindi Lokichoggio, na ziko za mabomu, Antonov. Watoto wadogo ndio waliokuwa wanajua kwa sauti. Wakisema hii, tunalala chini. Wakisema ile, tunasimama."

Tuliandika ubaoni, upande mmoja kilomita 105, upande wa pili usiku nne, na chini yake kilomita 1,380 na saa 30 na nusu. Karani akauliza kama ayanakili yote, tukamwambia ayanakili. Mama alikuwa ameanza kuuzungusha uzi kwenye vidole viwili, taratibu, kama mtu anayekusudia kuutumia tena. Akaufunga fundo, akaurudisha mezani, akauliza kama kipindi kimekwisha, kwa kuwa alikuwa ameacha maji ya chai motoni.